Nyumbani, kwa Jirani, Marikiti

Fundi alinifundisha gitaa akiwa amenipa mgongo. Miaka minne ya Jumamosi, baada ya sala ya alasiri, nilikaa kwenye kigoda nyuma yake katika duka lake la kushona kanzu pale Kibokoni, Mombasa, na mpaka leo naikumbuka shingo yake kuliko uso. Nyuma ya sikio la kulia palikuwa na alama ya buluu isiyotoka, kwa kuwa hapo ndipo alipochomeka chaki. Hakunipa mgongo kwa dharau. Alikuwa na kazi. Kanzu za watu zilikuwa zikimngoja, na nyingine zilikuwa zimeanza kumngoja tangu mwezi uliopita.

Mwalimu wangu hasa alikuwa mguu wake. Alishona kwa cherahani ya kukanyaga, na nikibadilisha vidole kwa wakati wake, mguu uliendelea na sindano ikaenda. Nikichelewa, mguu ulisimama. Hakugeuka. Duka lilinyamaza, kanzu zilizotundikwa zikaning'inia bila kutikisika, na mimi nimekaa nyuma yake vidole vimenaswa kwenye nyuzi kama ndege kwenye ulimbo. Nikipata tena pa kuanzia, mguu nao ulianza. Kuna Jumamosi alishona mkono mmoja tu wa kanzu tangu alasiri hadi magharibi, na kosa lilikuwa langu.

Mimi ni mtu wa bara, karani wa bandarini, na wakati huo nilipanga chumba juu ya duka lake. Utotoni, kanisani kwetu, kulikuwa na gitaa moja, na mtoto wa mchungaji peke yake ndiye aliyeruhusiwa kuligusa. Niliitunza hamu ile mpaka nikapita miaka arobaini. Halafu siku moja, nikipanda ngazi na mfuko wa nyanya mkononi, nikasikia gitaa chini. Zilikuwa sauti tatu tu zikizunguka, zinaondoka na kurudi, hazina haraka ya kufika popote. Joto lilikuwa limeushika mtaa mzima, muuza kahawa akigonganisha vikombe vyake mbali huko, na mimi nikakaa kwenye ngazi kama mtu aliyelala macho wazi. Zilipokoma, sikujua nimekaa muda gani.

Kesho yake nilimwendea. Hakunitazama uso, alinitazama mikono. Akasema hivyo ni vyanda vya kushika kalamu. Akaniuliza nataka kupiga nini, nikamjibu hata wimbo mmoja tu.

"Basi ndoo Jumamosi," akasema, yaani njoo. "Weye huna maringo, kwa kuwa huna cha kuringia."

Sikujua kwamba ananipima kwa kazi maalumu. Hilo nilikuja kuambiwa na mkewe, ambaye nilimwita Mama kama mtaa mzima ulivyomwita. Mwezi wa pili alishuka na kahawa na kashata, akasimama mlangoni akinisikiliza nikihangaika, kisha akamuuliza mumewe, "Huyu ndiye?"

"Bado," akasema Fundi, uzi mdomoni.

Mama akaniwekea kikombe, akanieleza mbele yake, kama anayemshitaki mtoto kwa mgeni. Bwana huyu, alisema, alipokuwa akimposa alimtungia wimbo. Mtaa wote ulijua upo. Lakini hajamwimbia mpaka leo, ana wajukuu. Ukimuuliza, atakuambia kwamba akiimba mkono unasimama, na mkono ukienda mdomo unafunga, hivyo anahitaji mtu wa kumpigia gitaa la nyuma, lile linaloshikilia wimbo, waliloliita ridhim. Na wapigaji wa mji huu mzima amewatia ila. Huyu ana haraka, yule ana maringo, yule mwingine hasikilizi.

"Ngoja ngoja huumiza matumbo," alimalizia Mama.

"Subira yavuta heri," akajibu Fundi, akakanyaga cherahani.

Tangu siku hiyo nilijua kwamba vidole vyangu hivi, vilivyoshindwa kutoka hapa kwenda pale bila kujikwaa, ndivyo alivyokuwa akivingoja mwanamke yule.

Fundi hakuzitaja sauti zake kwa herufi. Wapigaji wengine huziita kodi, nyuzi kadhaa zinazobanwa pamoja, na kila moja ina herufi yake. Yeye alisema herufi ni za skuli na madrasa. Yeye anatoa nyumba. Mshiko wa kwanza ulikuwa Nyumbani. Wa pili ulikuwa Kwa Jirani, kwa sababu ukienda kwa jirani hujatoka hasa, bado unasikia sufuria zenu zikigongana. Wa tatu ulikuwa Marikiti, soko la mji. Na Marikiti, alisema, kuna kelele, kuna jua, kuna wachukuzi wanakupigia makelele upishe, na ukishafika huko mwili mzima unataka kurudi. Hakuna anayelala Marikiti. Nyumbani, kwa jirani, Marikiti, nyumbani. Nyimbo zote alizowahi kupiga katika harusi za mji huu, aliniapia, zilitembea njia hiyo. Wapigaji wengine walijidai tu kupita vichochoro.

Tena hakuniambia hayo nikae niyatafakari. Jumamosi tatu za mwanzo sikugusa gitaa. Alinipa kanzu zilizokwisha, zimekunjwa ndani ya karatasi, nimpelekee mwenyewe mteja wake aliyekuwa na kibanda cha viungo karibu na Marikiti, kwa miguu, kwa hatua nne nne. Nne nyumbani, nne kwa jirani, nne Marikiti, nne kurudi, mpaka njia iishe. Nisipunguze kwa ajili ya jua wala nisiongeze kwa ajili ya mkokoteni. Basi fikiria karani mzima, shati limechomekwa, anapita katikati ya wauza maembe na ndizi akinong'ona "moja, mbili, tatu, nne", na mwenye mkokoteni wa vitunguu anamwuliza kama yu mzima. Mteja alizipokea kanzu, akanitazama, akasema, "Na weye pia wafunzwa?" Kumbe nilikuwa na wenzangu walioshindwa kabla yangu, na njia hiyo wote walikuwa wameitembea.

Nilikuja kuizoea. Kuna alasiri nilipokuwa narudi, kichochoro kimejaa kivuli na harufu ya udi kutoka dirisha fulani, hatua zangu zikaanza kujihesabu zenyewe, na nikahisi mji nao unatembea nne nne: pasi inayogongwa juu ya meza, mtoto anayekariri darasani, kijiko kwenye glasi ya chai. Nilipofika dukani nikamwambia Fundi. Akaliteremsha gitaa ukutani, akaniwekea mapajani.

Gitaa lenyewe lilivaa kanzu. Alikuwa amelishonea kwa vipande vilivyobaki, nyeupe, yenye tarizi shingoni na mfuko mdogo kifuani wa kuwekea nyuzi za akiba. Mgeni akicheka, Fundi alisema si adabu chombo kikae uchi dukani mwa mshonaji. Kila Idi ikikaribia, Mama alilivua, akaifua kanzu ile na kuipiga pasi pamoja na za watoto na wajukuu, na gitaa likafika siku ya Idi jipya kama waumini wengine.

Masomo hayakuanza kabla salamu hazijaisha, na salamu hazikuisha upesi. Masalkheri. Hali gani? Watu wa nyumbani? Watu wa bara hawajambo? Mvua imenyesha huko? Mwaka ule wa ukame aliniuliza habari za mvua ya bara kila Jumamosi, akasikitika kila Jumamosi, na nadhani alisikitika kweli. Adhana ikianza aliweka kiganja juu ya nyuzi, hata kama ni mimi ninayepiga, na sauti ikafia chini ya mkono wake polepole. Kulikuwa na mzee wa barazani aliyemwuliza kila mara ataliacha lini hilo gitaa. Fundi alimjibu kwamba bendi ya harusi aliyopigia ujanani ameiacha zamani. Mikono ndiyo haijapata habari.

Ila nisimtie utukufu asiokuwa nao. Mtu huyu aliyesimamisha duka zima kwa sababu nimechelewa nusu ya hatua, hakupata hata siku moja kuitoa kanzu kwa wakati. "Kesho, inshallah," ndiyo iliyokuwa bei yake ya kwanza na ya mwisho. Mkesha wa Idi watu walijaa mlangoni wakiwa na hasira na njaa ya saumu, yeye anashona kwa utulivu, anawauliza hali zao. Bwana harusi mmoja aliingia ukumbini na kanzu ambayo pindo lake lilikuwa limeshikwa kwa pini. Fundi aliipiga sindano akiwa amechutama nyuma yake, wakati watu wanapiga picha. Nilipomwambia kwamba haya hayalingani na hatua nne nne, aliniambia kwamba nguo inaweza kungoja, lakini watu waliokwisha kuvaa hawamngoji mwimbaji, anayemngoja ni gitaa. Sikumwelewa.

Aliyenielewesha ni kinyozi mmoja wa Makadara, ambaye ujanani alipiga besi katika bendi yao. Aliniambia huku ananinyoa, wembe shingoni, kwa hiyo nilimsikiliza vizuri. Walikuwa kwenye harusi, alisema, na mwimbaji wao alikuwa mtu mzima aliyeheshimiwa, ambaye kumbukumbu yake ilikuwa imeanza kuvuja. Katikati ya ubeti akapotea. Akasimama mbele ya umati, mdomo wazi, hana neno. Mwenye solo akataka kujaza pengo kwa mbwembwe zake. Fundi akamkata jicho. Kisha akabaki Nyumbani. Hakwenda kwa jirani, hakwenda Marikiti. Akazunguka palepale, taratibu, mzunguko baada ya mzunguko, kana kwamba wimbo ulitungwa hivyo, na bendi nzima ikazunguka naye, mpaka yule mzee akaliona neno lake na kuliokota. Watu walidhani ni madoido. Mama wa bibi harusi aliomba warudie pale palipozunguka.

"Solo ni mgeni," kinyozi alisema, akimnukuu Fundi. "Ridhim ndiye mwenyeji, na mwenyeji halali mgeni yungali ndiani."

Nilirudi Kibokoni nikimwaza huyo mgeni angali njiani, nikamtazama Fundi kwa jicho jingine. Nilitaka kumwuliza kwa nini basi mimi haningoji, kwa nini mguu wake unasimama papo hapo nikijikwaa. Sikumwuliza. Lakini Jumamosi moja, kama anayejibu, alisema bila kugeuka kwamba anayefundishwa kungoja wengine hawezi kuanza kwa kungojwa yeye.

Maendeleo yangu yalikuwa ya kobe. Ncha za vidole ziliota sugu, nikawa natembea nazo kwa fahari ofisini, nikigonga nazo meza. Nilinunua gitaa la bei nafuu nikafanya mazoezi chumbani, na wapangaji wenzangu wakazijua nyumba zote tatu kuliko mimi. Kosa langu lilikuwa moja, lile lile: kutoka Marikiti nilikimbia. Nilikuwa na hamu ya kufika Nyumbani, nikafika kabla ya wakati. Nilimletea simu yenye mashine ya kuhesabu mapigo, inayogonga tik, tik. Aliisikiliza kwa adabu, akaniuliza kama inajua kuimba. Nikasema hapana. Basi imejuaje mwendo, akauliza, akaniomba niizime.

Hakunisifu. Miaka minne, hata mara moja. Ila kuna alasiri moja ya Kaskazi, duka limejaa usingizi, paka amelala juu ya kitambaa cha mtu, nikaanza kuzunguka na sikusikia tena vidole. Nilikwenda kwa jirani nikarudi, nikaenda Marikiti nikarudi bila mbio, na tena, na tena, na mguu wa Fundi ukaenda, ukaenda, mpaka kanzu zikawa kama zinapumua ukutani. Kitu kilichotukatiza ni adhana. Fundi aliinua kanzu aliyokuwa akiishona, akaikunjua, akaitazama kwa muda mrefu. Alikuwa ameushona mdomo wa mkono ukazibika. Alikuwa amepita moja kwa moja, mshono mzuri kabisa, na mkono hauna pa kutokea. Aliutatua mshono ule Jumatatu, na mwenye kanzu akaambiwa kesho, inshallah.

Niliamini wimbo wa Mama umekaribia. Nilingoja aniambie. Wiki mbili baadaye, kazi ikanihamishia bara.

Aliponiaga alisema maneno ya kawaida, nisalimie watu, mvua ije. Mama ndiye aliyeniangusha moyo. Alinifungia kashata, akasema hana neno, amezoea. Nilitamani anigombeze.

Miaka miwili nilipiga peke yangu, jioni baada ya kazi, katika chumba chenye sakafu ya saruji, nikisikiliza mguu usiokuwepo. Ndipo kinyozi akanipigia simu. Fundi ameugua, alisema. Amepooza upande mmoja. Kusema anasema, ila maneno mengine yanampotea, na mkono wa kushoto umekwisha. Nikajua bila kuambiwa maana yake, kwa sababu mkono wa kushoto ndio unaoshika nyumba. Nilijiona mwenye hatia. Mwanamke amengoja zaidi ya miaka arobaini, na mimi nimeila minne kati yake nikijifunza kutembea. Niliomba ruhusa, nikashuka Mombasa.

Duka lilikuwa limefungwa kwa komeo. Nyumba yao ilikuwa kichochoro cha pili, orofa ya juu, na Mama alinifungulia mwenyewe, akanishika kichwa kwa mikono miwili kama ninavyoshikwa kwetu. Fundi alikuwa amekaa dirishani, shuka miguuni, mkono wa kushoto umewekwa pajani kama kitu cha mtu mwingine alichoachiwa akiangalie. Tulisalimiana mpaka mwisho. Mvua ya bara, alipata kuiulizia.

Ilikuwa asubuhi, na mara ya kwanza tulikaa tukitazamana. Nilishangaa jinsi nilivyokuwa siujui uso ule. Alinyoosha mkono mzima kuelekea ukutani, ambako gitaa lilining'inia ndani ya kanzu yake iliyopigwa pasi. Nikalivua, nikalilinganisha nyuzi. Mama alikuwa amekaa mkekani, sinia la mchele mapajani, anachagua chuya. Hakuacha kuchagua.

"Mkono umekwenda," Fundi akaniambia. "Sasa sina udhuru. Piga. Usende mbio."

Nikaanza. Nyumbani, kwa jirani, Marikiti, nyumbani. Chini ya shuka, mguu wake wa kulia ukaanza kupanda na kushuka, kwenye cherahani isiyokuwepo, na macho yangu yakabaki hapo. Nilizunguka mara tatu. Mara ya nne akaimba. Sauti yake ilikuwa nyembamba, ya mtu asiyejua kuimba, na ilitetemeka.

*Nimeshona za wenzangu, yangu bado sijafanya…*

Nikaenda Marikiti, nikarudi. Hakuendelea. Alifungua mdomo, akaufunga. Akairudia *yangu bado sijafanya*, akasimama tena, na nikaona machoni mwake kwamba amefika mahali ambapo palikuwa na neno na sasa hapana. Hofu ilinipanda. Kisha vidole vyangu, si mimi, vikabaki Nyumbani. Nikazunguka palepale, taratibu, bila kwenda kokote. Mara moja. Mara ya pili. Mguu chini ya shuka ulisita kidogo, halafu ukaendelea. Mara ya tano, ya sita. Muuza kahawa alipita chini na vikombe vyake. Nilikuwa tayari kuzunguka mpaka adhuhuri.

"*Simama mwangani mwangu*," Mama akasema, macho kwenye mchele. "*Uzi upate kupenya*."

Fundi akageuza shingo. Ile ile ninayoijua.

"Umeyapata wapi?"

"Mfukoni mwa kanzu ya gitaa. Kila Idi naifua, kila Idi nairudisha karatasi mahala pake." Akatupa chuya pembeni. "Maneno nalikuwa nayo, bwana. Nalikuwa nangoja sauti."

Sikuacha kupiga. Nilikuwa nalia na sikuacha, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi niliyofundishwa. Fundi alimtazama mkewe mizunguko miwili mizima, kisha akaliokota neno pale alipowekewa. *Simama mwangani mwangu, uzi upate kupenya.* Kila alipopotea nilibaki Nyumbani, na Mama akamnong'oneza, na akaendelea, mpaka beti zote zikaisha. Kutoka Marikiti nilikimbia mara mbili, nilisikia mwenyewe. Mguu haukusimama.

Mama aliweka sinia chini, akajifuta macho kwa pembe ya leso, akalikunja shuka lililomteremka mumewe miguuni.

"Tena," akasema.

Fundi akanitazama, akanipa ishara kwa kidevu. Nikaweka vidole Nyumbani, nikahesabu nne.